Jenerali Hatwikwi Mzigo

Yunisi binti Yesaya alifikisha miaka sabini na tatu bila kutwikwa hata ndoo moja ya maji kichwani. Kwa mwanamke aliyezaliwa Tunduma na kuzeekea Tunduma, hilo ni jambo la kushangaza kuliko kuota mkia. Wenzake walibeba kuni, mahindi, mikungu ya ndizi na hata mabati ya kuezekea kanisa; yeye alitembea kando yao mikono mitupu, shingo imenyooka, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashike huku. Sababu ilikuwa moja tu na mtaa mzima uliijua. Yunisi alikuwa jenerali wa jeshi la Mwingereza.

Cheka ukipenda. Yeye mwenyewe alicheka mara nyingi, hasa siku za baridi, anapokaa barazani na blanketi magotini akitazama ukungu unavyoshuka na kumeza mabati ya majirani moja baada ya jingine. Ila alicheka kwa adabu, kama mtu anayemcheka mzee aliyeko chumba cha pili.

Mambo yalianza kwa babu yake, Mika. Huyu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita ile ya kwanza ya Mwingereza na Mjerumani, ndevu hazijamwota bado. Yeye na mdogo wake, Amoni, walikuwa wamekwenda kuwasalimia wajomba zao upande wa pili wa mpaka. Wakati huo mpaka ulikuwa mstari tu kwenye karatasi za wazungu, na watu waliuvuka wakifuata mbuzi. Wakakutwa huko, wakaandikwa, wakatwikwa. Wakaangukia kwenye msafara wa jenerali mwenyewe. Mika alipewa beseni la turubai ambalo jenerali aliogea, na Amoni akapewa sanduku la karatasi zake.

Jina la kizungu la jenerali huyo wapagazi walishindwa kulitamka, kwa hiyo walimwita Taratibu. Ndilo neno pekee la Kiswahili alilolijua vizuri, na alilitumia kwa kila ugonjwa. Mto umefurika, taratibu. Posho imekwisha, taratibu. Mtu amelala chini na haamki, taratibu. Alikuwa mrefu, na alitembea kwa miguu kama watu wengine hata pale alipoletewa farasi. Ndiyo maana Mika alimpenda, na alimpenda kwa namna ambayo hata mimi ninayesimulia sijaielewa sawasawa. Alimbebea beseni misimu mitatu ya mvua, akalijaza maji na kulimwaga, akamwona mtu mkubwa yule akiwa uchi, mwembamba, mgongo umejaa alama za viroboto. Ukishamwona mtu hivyo, nadhani, ni vigumu kumchukia moja kwa moja.

Vita ikaisha. Mika akarudi nyumbani peke yake. Jenerali akarudi kwa mfalme wake, na ungedhani mambo yameishia hapo. Lakini Mika alifuatilia kazi za mzungu yule kama wengine wanavyofuatilia timu ya mpira. Kila aliyejua kusoma na aliyepita na gazeti alisimamishwa na kuulizwa: Taratibu yuko wapi sasa? Hivyo ndivyo ukoo ulivyojua kwamba jenerali alivalishwa nishani na mfalme mwenyewe. Kwamba alipelekwa kutawala kisiwa kimoja kidogo mbali huko, kisiwa cha upepo na mbuzi. Kwamba alistaafu, akahamia kijijini kwao, akafuga nyuki. Mika alikuwa akisimulia habari za nyuki hao kama aliyewahi kuumwa nao.

Mwaka elfu moja mia tisa na hamsini na mbili, karani mmoja wa bomani alimletea Mika kipande cha gazeti chenye picha. Jenerali amefariki. Karani akasoma mpaka mwisho, akafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Jioni ile Mika hakugusa chakula. Katika ukoo wao mtu akifa jina lake haliachwi chini. Mtoto hulichukua, na pamoja na jina huchukua heshima ya marehemu, kiti chake na miiko yake. Jina lisiporithiwa, mwenyewe hana pa kuingia. Hubaki njiani. Na hapo kuna mtu mkubwa kama yule, na hakuna wa kumpokea!

Basi wiki ileile mkwe wake, mke wa mwanawe Yesaya, akajifungua binti. Mika akaingia, akavua kofia, akasimama wima mbele ya kichanga kilichofungwa khanga.

"Bwana," akasema, "karibu nyumbani."

Wakubwa wakanong'ona kwamba mzungu harithiwi, tena na mtoto wa kike. Mika akawauliza ni nani kati yao aliyembebea beseni. Ndivyo Yunisi alivyobatizwa kanisani kwa jina moja, na nyumbani akabeba jingine. Na mwiko wa kwanza wa jenerali ulikuwa rahisi kuujua: jenerali hatwikwi mzigo. Mika alikuwa shahidi. Misimu mitatu hakumwona Taratibu akiweka hata kitabu kichwani.

Utoto wa namna hiyo una raha na taabu zake. Wasichana walipokwenda mtoni, Yunisi alitangulia mbele ya mstari na fimbo, wengine nyuma na mitungi, na kila mara mmoja wao alimrushia maji mgongoni kwa makusudi. Alipoolewa, mama mkwe alitazama mikono yake mitupu kwa mwezi mzima bila kusema neno. Halafu akasema maneno yote ya mwezi mzima siku moja. Yunisi alilia sana siku hiyo. Kesho yake akaenda kwa fundi na kuagiza toroli. Hakuna mwiko uliomkataza jenerali kusukuma!

Na alisukuma. Miaka arobaini alisukuma toroli kati ya Tunduma na Nakonde: mchele kwenda, mafuta na sabuni kurudi, mvua na vumbi, na wateja wa Zambia walimpisha njia wakimwamkia kwa Kibemba, "Mwapoleni, mayo Jenerali," yaani shikamoo, mama Jenerali. Alimzika mume. Alilea watoto wanne, akasomesha watatu. Mwanawe mkubwa, Danford, ni wakala wa kutoa mizigo mpakani, mtu wa mashati yaliyonyooshwa na simu mbili, na kwake yeye jenerali ni fahari kuliko shahada. Amewahi kumtambulisha mama yake hivyo mbele ya maofisa wa forodha, na mama akawapungia mkono kwa utulivu wote wa cheo chake.

Ila kuna jambo ambalo Danford hakulijua, wala mtu mwingine yeyote aliye hai. Yunisi alilibeba peke yake miaka sitini na zaidi, yeye ambaye hakubeba kitu.

Mika alipozeeka alikuwa na desturi. Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limelegea, alimchukua mjukuu wake nyuma ya kihenge cha mahindi, akamketisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akasimama wima na kutoa ripoti. "Bwana, mizigo arobaini imeondoka, mizigo arobaini imefika." Mtoto alijibu kama alivyofundishwa: "Vema, Mika. Taratibu." Mzee akatabasamu, wakagawana muhogo wa kuchoma. Ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote aliyoijua.

Siku moja, Yunisi akiwa na miaka minane, ripoti ilibadilika. Kulikuwa na vumbi la unga wa mahindi hewani, kuku walikuwa wamelala, na Mika hakusimama. Alipiga magoti.

"Bwana," akasema, "mizigo arobaini imefika. Mtu mmoja hakufika."

Akaeleza. Walikuwa wakipanda mlima, mvua inanyesha, na Amoni alikuwa akihara damu siku ya nne. Alitembea nyuma tu ya Mika. Akasema, "Kaka, nitue." Ni neno dogo. Mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kujitua mwenyewe bila kuumia. Ni lazima mwingine ainue mikono amsaidie, na hata adui humnyimi msaada huo. Lakini Mika naye alikuwa na beseni kichwani, askari alikuwa nyuma na kiboko, na amri ilikuwa kwamba mstari usisimame. Akajibu, "Nakuja." Akaendelea. Alipogeuka kwenye kona, sanduku lilikuwa tayari kwenye kichwa cha mtu mwingine, na Amoni alikuwa amekaa kando ya njia kwenye majani, mkono mmoja juu. Alikuwa hai.

Kambini jioni Mika aliiona ngata ya mdogo wake, ile duara ya kuwekea mzigo kichwani, kwa mtu aliyepewa sanduku. Ilikuwa ngata ya kipande cha turubai la hema, Amoni aliishona mwenyewe na kuijaza nyasi. Akaikomboa kwa chakula chake cha siku hiyo. Na alipofika nyumbani, mama yao akiwa amesimama mlangoni, Mika alisema Amoni amebaki kwa wazungu, amepata kazi nzuri, atarudi.

"Atarudi," Mika alimwambia mtoto juu ya kinu. "Ndivyo nilivyosema, Bwana. Na mtu aliye hai harithiwi. Watoto wangapi wamezaliwa hapa, hakuna anayeweza kupewa jina lake. Mama alimwekea ugali mpaka alipokufa."

Kisha akangoja. Yunisi aliona uso wa babu yake umelowa na hakujua afanye nini. Alijua jibu moja tu.

"Vema, Mika," akasema. "Taratibu."

Mzee akapumua kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akaitoa ngata kutoka ndani ya koti na kuiweka mapajani mwa mtoto. Hakutoa ripoti tena. Alikufa mwaka uliofuata, usingizini, uso umetulia. Na Yunisi, kadiri alivyokua, ndivyo alivyozidi kuelewa alichokisema siku ile. Alikuwa amemwambia mtu aliyemwacha ndugu yake porini kwamba ni vema. Neno lile lilimtuliza Mika, ndiyo, lakini lilimfungia Amoni mlango. Yunisi aliona haya, na haya hiyo haikuzeeka pamoja naye.

Ndoto ilianza alipokuwa na mimba ya Danford. Sikuzote huja mchana, anaposinzia. Mstari mrefu wa watu unapanda kilima ndani ya ukungu, hawatoi sauti, na yeye amesimama pembeni na fimbo. Wanapita, wanapita. Wa mwisho ana sanduku, maji yanachuruzika kwenye kingo zake, na anapofika kwake husimama na kusema kwa upole sana, "Nitue, Bwana." Naye anataka. Lakini mikono yake haipandi. Jenerali hagusi mizigo. Basi yule mtu anaendelea kusimama pale, hana haraka wala hasira, mpaka Yunisi anazinduka na shingo inamuuma kana kwamba ndiye aliyebeba.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipofika, binti wa Danford, Mercy, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Itaka, alikuja nyumbani kujifungua. Akapata mtoto wa kiume. Danford alimshika mjukuu wake, akamtazama mama yake, na wazo likamjia akiwa amesimama palepale.

"Mama, majenerali hustaafu," alisema. "Umri umekwenda. Mkabidhi huyu jina ukiwa bado unaona. Jumapili baada ya ubatizo, tufanye hapa nyumbani, ukoo wote uone."

Ukoo ukafurahi. Danford akamshonesha mtoto kofia yenye mstari mwekundu, akaagiza keki yenye nyota. Yunisi alikubali kwa kichwa. Lakini moyoni aliogopa, na aliogopa kitu kimoja mahsusi. Mtoto huyu akiwa jenerali, naye atafundishwa kusema vema na taratibu. Yeye atakufa, siri itakufa, na Amoni atakaa kwenye yale majani siku zote. Mtoto huyu ndiye alikuwa mlango wa mwisho ambao Amoni angeweza kuingilia. Ila kusema kweli kulikuwa kumfufua Mika na kumwaibisha mbele ya wajukuu wanaomheshimu, mzee aliyelala ametulia. Yunisi alimpenda mno babu yake. Kila alipofungua kinywa, kilijifunga chenyewe.

Ijumaa mchana manyunyu yalikuwa yakianguka. Kutoka barazani unaiona barabara kuu, na malori yanayongoja kuvuka yalikuwa yamepangana foleni mpaka nje ya mji, yakisogea hatua moja kila saa. Ukiyatazama kwa macho yaliyolegea, huwezi kuapa kama ni malori au ni watu. Mercy alitoka na mtoto kifuani na simu mkononi. Baba yake alikuwa amemwagiza atafute picha safi ya jenerali ya kuweka kwenye keki, naye alikuwa amelichukua jina kutoka kwenye kile kipande cha gazeti cha Mika.

"Bibi, nimempata mume wako, yule Taratibu," alisema kwa utani akikaa.

"Mwache mke mwenzangu ampokee kwanza, mimi nimechoka," Yunisi alijibu bila kufumbua macho. "Anasemaje?"

"Anasema alikuwa na mabinti watatu. Na wajukuu tisa. Hakuna kiti kilichokuwa wazi kwake, Bibi. Hawa hapa, kwenye picha, kwenye bustani." Mercy alicheka, kisha akaona uso wa bibi yake na kuacha. "Hakuacha mtoto wa kiume, ndiyo, lakini kwao hilo si tatizo. Babu Mika alimtafutia mrithi mtu aliyekuwa na warithi tele."

Yunisi akafumbua macho. "Kwa hiyo mimi si jenerali."

"Sijui. Labda ni wa ziada."

"Endelea kusoma."

Mercy akasoma, akitafsiri polepole. Nishani zilikuwa kweli, na kisiwa, na nyuki. Jenerali aliandika kitabu uzeeni kuhusu vita yake, na kurasa kadhaa zilikuwepo pale kwenye simu. Mapigano ya mto fulani, ubishi wake na jenerali mwenzake, homa, ladha ya nyama ya pofu. Kuhusu wapagazi kulikuwa na sentensi mbili.

"Anaandika hivi. 'Wabebaji wetu walifanya kazi kwa uchangamfu. Katika safari yote ile, hata sanduku moja la karatasi zangu halikupotea.'"

Manyunyu yaliendelea. Mtoto alipiga chafya ndogo. Yunisi aliinuka, akaingia ndani, na Mercy akasikia kufuli la sanduku la bati likifunguliwa. Bibi aliporudi hakuwa na kitu mkononi, lakini alikuwa amekasirika. Mercy hakuwahi kumwona hivyo. Alikasirika kwa ajili ya sentensi moja ya mtu aliyekufa miaka mingi, na hakueleza kwa nini.

"Kalale na mtoto," alisema tu. "Jumapili nitamtaja."

Akabaki barazani. Usingizi ulimchukua akiwa ameketi, na mstari ukaja, lakini safari hii haukuwa mlimani. Ulipita barabarani, katikati ya malori, na madereva walitoa vichwa madirishani kuutazama. Yule wa mwisho akakata kona, akapanda kwenye uwanja wa Yunisi, akasimama pale penye bomba la maji. Hakusema kitu. Alimtazama tu kama mtu anayetazama nyumba aliyoelekezwa, akijiuliza kama ndiyo.

Jumapili watu walijaa uwanjani. Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua imekatika, turubai la bluu limefungwa kati ya nyumba na mti wa parachichi, na keki ilikuwa mezani na uso wa jenerali umechorwa juu yake, masharubu ya sukari. Danford alisimama na shati lake jeupe. Alieleza habari ya Mika, beseni, nishani, kisiwa. Akafika mwisho, akamgeukia mama yake kwa heshima.

"Jenerali, tunakuomba. Mpe mtoto jina."

Yunisi akasimama. Badala ya kwenda kwa mtoto, alitembea mpaka kwenye bomba pembeni ya uwanja, ambapo ndoo ya maji ya kunawisha wageni ilikuwa imejaa. Akatoa kitu kutoka kwenye fundo la khanga: duara la turubai kuukuu, limekakamaa, rangi ya udongo. Akaliweka kichwani.

"Mercy," akaita. "Mpe mama yako mtoto. Njoo unitwike."

Watu walitazamana. Danford alipiga hatua mbili. "Mama! Mwiko!"

"Jenerali ndiye anayetoa amri," Yunisi alisema. "Au nimeshastaafu? Mercy, nitwike."

Mercy alimtwika. Shingo ambayo haikuwahi kubeba ililegea upande mmoja, maji yakamwagika begani, na wanawake kadhaa wakaguna. Akaikaza. Akainua mguu. Kutoka kwenye bomba mpaka kwa mtoto hapakuwa na hatua ishirini, na katikati ya uwanja akasimama.

"Asinitue mtu mpaka nimalize," alisema.

Akaanza kusimulia, ndoo ikiwa kichwani. Aliwaambia kuhusu mlima, mvua na siku ya nne. Aliwaambia neno alilolisema Amoni na neno alilojibiwa. Aliposema kwamba aliyejibu ni Mika, aliishika ndoo upya, akaendelea. Aliwaambia kuhusu ugali wa mama yao, uliowekwa kila jioni kwa mtu aliyesemekana yuko hai. Maji yalikuwa yakimchuruzika usoni kiasi kwamba hakuna aliyeweza kujua yapi yalitoka kwenye ndoo. Akasema mwishowe lile ambalo lilikuwa lake peke yake.

"Aliniletea ripoti, nikaipokea. Nilikuwa mtoto, lakini alimpigia magoti jenerali, na jenerali akasema vema. Haikuwa vema. Leo naikataa ripoti ile. Mika nampenda, mmenisikia? Nampenda mpaka leo, aliogopa tu, na wangapi wasingeogopa. Lakini mtu mmoja hakufika. Sanduku la mzungu lilifika, na mtu hakufika."

Lori moja lilinguruma barabarani, likasogea hatua yake, likazima.

"Nimechoka," Yunisi alisema kwa sauti ndogo. "Nitueni."

Mercy alianza kwenda, lakini baba yake alimtangulia. Danford, na shati lake jeupe na kofia ndogo ya mstari mwekundu bado iko mkononi, aliiacha ile kofia ikaanguka kwenye tope. Akainua mikono yote miwili, akaishika ndoo, akaishusha kutoka kichwani mwa mama yake taratibu mpaka chini. Maji yalimlowesha kifua chote. Alikuwa akilia kama mtoto na hakujificha.

Yunisi aliichukua ngata, akamwendea mtoto kwenye mapaja ya mama yake Mercy, akaiweka miguuni pake. Akachota maji kwa kiganja, akamwosha vile vidole vidogo, kama anavyooshwa mgeni aliyetembea sana.

"Huyu ni Amoni," alisema. "Amefika."

Mzee mmoja wa ukoo akavua kofia yake. Akainama mbele ya kile kichanga na kumsalimia kama inavyompasa kila mwenyeji kumsalimia mtu anayetoka mbali.

"Pole na safari, babu," alisema.

Wengine wakapanga mstari nyuma yake, mmoja mmoja, kusema vilevile.